Mprusi wa Bibi

Wajukuu zangu wakija kwangu Azaiba, hapa Maskati, siku ya Ijumaa hunitaka niwahadithie habari za Mprusi, nami huwaambia niacheni nile kwanza. Wao wanapenda ile sehemu ya kuchekesha, na ipo, sikatai. Lakini kila nikianza huishia mahali nisipotaka kuishia, halafu usiku usingizi hauji. Basi leo naiandika yote kwa mkupuo mmoja, wasome wenyewe, waniache.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa na pepo wa Kizungu. Haya, nimeshasema. Unguja ya utoto wangu hilo halikuwa jambo la kumtoa mtu macho. Huyu ana pepo wa Kihabeshi, yule ana Kibuki anayetaka mvinyo, na bibi yangu alikuwa na afisa wa jeshi la farasi la mfalme wa Prusia, mtu wa zama za babu wa babu yake. Alimpata akiwa mwari, familia yao ilipohamia nyumba moja ya Mjini iliyokuwa imepangwa na tajiri wa Kidachi, yaani Mjerumani. Pepo mwenyewe alikuwa hataki kabisa kuitwa Mdachi. Ukimwita Mdachi alikuwa anagonga kisigino chini na kusema, "Hapana Mdachi! Mimi Mprusi!" Bibi, mwanamke mpole asiyepandisha sauti hata kwa kuku, alikuwa akisema hivyo kwa sauti ya mwanamume aliyezoea kuwapigia watu kelele uwanjani.

Mimi ni mtu mbishi, sijifichi. Nimesoma, nimefanya kazi serikalini mpaka nikastaafu, na mtu akiniambia jini kafanya hivi, jini kafanya vile, huwa namuuliza kama ameshakwenda hospitali. Kwa Mprusi ubishi wangu una kikomo. Nitasema kwa nini.

Mwaka wa sitini na nne mwanzoni mama yangu alikuwa na mimba pevu. Kwa desturi yetu alikwenda kuzalia kwao, mjini, na mimi, mtoto wa miaka tisa, alinichukua pamoja naye. Baba alibaki nyumba ya shamba na bibi. Halafu ndiyo yakaja yale yaliyokuja. Mdogo wangu alizaliwa huku nje bunduki zinalia. Baada ya siku nyingi bibi alitukuta mahali tulipokusanywa watu, peke yake, kanga imekatika, miguu imevimba. Mama akamdaka mabega.

"Yuko wapi?"

"Sijui, mwanangu," bibi akasema. "Tulipotezana njiani."

Maneno hayo mawili, *tulipotezana njiani*, ndiyo tuliyosafiri nayo mpaka Maskati. Wengi hawakuruhusiwa hata kuteremka melini, lakini mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa ameshakaa huku siku nyingi, na Sultani wa huku, yule wa zamani, alikubali tuingie kwa dhamana yake. Tukapewa vyumba viwili nyuma ya nyumba ya mjomba, nje kidogo ya lango la mji. Jua kali la kuchoma mpaka kope, maji ya kisima yenye chumvi, na majirani wanatuita Wazinjibari, Kiarabu chetu wanakicheka. Lango la mji likifungwa usiku, ukitaka kutembea lazima ushike taa, la sivyo askari anakukamata. Mimi nilitoka mji wenye umeme na sinema, nikaja kushika fanusi. Nililia mwaka mzima, wallahi.

Mama hakulia. Mama alikuwa anauliza. Akisikia kuna mtu amefika kutoka pwani ya Afrika, awe ametokea Mombasa au Daressalama, alikuwa anavaa buibui na kumfuata huko huko alikofikia. "Umemwona mtu mrefu, anavuta mguu wa kushoto kidogo, akicheka anafunika mdomo?" Wengine walisema hapana. Wengine, kwa huruma ya kijinga, walisema labda, kuna mtu kama huyo jela, kuna mtu kama huyo Tanga. Kila "labda" moja ilikuwa inamweka mama mwezi mzima.

Na bibi hakusema neno. Alikuwa anapika, anasali, anamlea mdogo wangu, anatafuta chawa kichwani mwangu, lakini ukimtajia shamba, au safari, au jina la baba, uso ulikuwa unafungika. Mama alikuwa akimbembeleza: "Mama, nambie tu, mlipotezana wapi? Njia gani? Mchana au usiku?" Bibi alikuwa anainuka kwenda kuchambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa.

Halafu Mprusi akaja. Nilidhani tumemwacha Unguja. Lo! Pepo hahitaji pasi.

Siku moja baada ya sala ya alasiri bibi akaanza kutetemeka, akatoka kwenye mkeka, akakaa juu ya sanduku, mgongo umenyooka, magoti yametanuka kama mtu aliye juu ya mnyama. Akaomba kahawa na mbatata za kuchemsha. Mama alikuwa hajapata kumhudumia, hiyo ilikuwa kazi ya shangazi zangu, na mke wa mjomba akachachawa. Hapa Maskati nao wana zari yao, ngoma ya kupunga pepo, na wana mama wa zari wao wenye kujua ngoma na ubani. Akaitwa mmoja, mwanamke mkubwa, mzito, mwenye heshima zake, Mwarabu wa hapa hapa asiyejua Kiswahili. Jirani yetu mmoja, naye wa kutoka Unguja, akawa mkalimani.

Sasa ndiyo ile sehemu ya kuchekesha. Mama wa zari akauliza, kama inavyoulizwa, weye nani na kabila lako nini. Mprusi akajibu, "Mimi Mprusi." Kiarabu hakina *p*. Mama wa zari akajaribu, "Burusi?" Jirani yetu, ambaye kwake *r* na *l* zilikuwa ndugu wa tumbo moja, akapiga kofi la furaha: "Anasema Mbulushi! Ni Mbulushi!"

Basi kila mtu akashusha pumzi. Mbulushi! Si mgeni huyo, Wabulushi ndio hao wamejaa Matrah, ndio askari wa Sultani, ngoma zao zinajulikana, chakula chao kinajulikana. Alhamisi iliyofuata wakaletwa wapigaji, ikaletwa nguo ya Kibulushi yenye nakshi kifuani na mfuko mrefu mbele, bibi yangu akavishwa, akapakwa mafuta, akaimbiwa kwa Kibulushi. Mprusi alistahimili kidogo. Nadhani alidhani ni ada za wenyeji. Halafu akasimama ndani ya lile gauni la nakshi, akanguruma, "Hii nini? Mimi kapteni! Mimi iko na farasi mia moja! Nyinyi navalisha mimi nguo ya bibi!" Akalitupa buli la kahawa ukutani. Wanawake wa Kibulushi waliokuja kuitikia walicheka mpaka wakalaliana. Mama wa zari alikusanya ubani wake akaondoka amenuna, na mpaka leo ukoo mzima, mtu akivishwa kisichomfaa, tunasema amevalishwa ya Mprusi.

Baada ya aibu ile mjomba alikataza ngoma nyumbani kwake. Ikawa Mprusi akija ni mama peke yake anayemhudumia. Alimwekea kiti cha mjomba, akamchemshia mbatata, akamtilia sukari nyingi kwenye kahawa, akakaa chini mkekani mbele yake. Na kwa kuwa ilibidi mtu azungumze naye, akamuuliza habari zake. Nami nilikuwa hapo mlangoni na mdogo wangu mapajani, nikisikiliza.

Alikuwa anahadithia kidogo kidogo, kila akija anaendelea pale alipoachia. Alizaliwa nchi ya mchanga na misitu myeusi, nyumba ya mabwana wenye jina kubwa na paa linalovuja. Ndugu walikuwa wengi, na shamba lile lisingewatosha, basi wavulana wote wakapelekwa kwa mfalme. Yeye akaingia kikosi cha wapanda farasi wepesi angali mtoto. Kikosi hicho lazima kila mtu awe na sharubu, naye hakuwa na hata unywele mmoja mdomoni, kwa hiyo koplo akamchora sharubu kwa nta na masizi, na jua likitoka zikawa zinamtiririkia mpaka kidevuni. Hapo mama alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akicheka tangu tutoke Unguja, na nilishtuka.

Mfalme wake alikuwa kijitu kidogo, mgongo umepinda, koti limejaa ugoro, na wanaume wenye vifua vipana walikuwa wanakufa kwa ajili yake kwa maelfu. Mprusi alipigana vita baada ya vita na majirani wa mfalme huyo. Alipanda kutoka mbeba bendera akawa luteni, akapewa kikosi chake akawa kapteni. Farasi wake wa kike alimfia chini yake mtoni, akalia, na hakuona aibu kusema alilia. Alitaka kuoa binti wa kasisi, mfalme akakataa, maana afisa hakuoa ila kwa ruhusa, na mfalme hakupenda wapanda farasi wake wawe na wake. Vidole viwili vya mguu vilikatwa na baridi. Bibi yangu, ambaye hakupata kuona barafu ila ndani ya gilasi, alikuwa akiieleza theluji: jinsi inavyoziba sauti ya kwato, jinsi damu inavyofanya tundu dogo lenye moshi.

Miaka mingi baadaye mwanangu wa kiume, anayesomesha chuoni Al Khoudh, alinitafutia vitabu. Nilikaa navyo kwa nia mbaya, nataka kumkamata mwongo. Zile sharubu za masizi zimo. Ruhusa ya kuoa imo. Ugoro kwenye koti umo. Bibi yangu alikuwa hajui kusoma ila msahafu. Nani alimwambia? Nilikifunga kile kitabu na kwenda kuwasha taa zote za nyumba, mchana kweupe.

Lakini mama hakujali kama ni kweli. Mama alikuwa na swali moja tu. Kila vita vikifika mwisho alikuwa anainamia mbele na kuuliza, "Ukarudi?"

"Nikarudi," Mprusi alikuwa anasema.

"Walikuwa wanajua huko kwenu kwamba u hai?"

"Walisema nimekufa. Mama yangu alivaa nyeusi. Mimi narudi na farasi ya mtu mwingine."

Mama alikuwa anashusha pumzi ndefu, anamwongeza kahawa. Nilikuwa mtoto lakini si mjinga, niliona. Alikuwa anakunywa yale maneno. Mtu huyu amepotea, amesemwa amekufa, na karudi. Tena karudi. Tena karudi. Siku ambazo Mprusi hakuja, mama alikuwa hana raha, anamtazama bibi kwa jicho la kumngojea. Ilinichukiza, nasema kweli. Nilikuwa namchukia yule Mzungu kwa kumpa mama yangu kitu ambacho watu walio hai hawakuweza kumpa, na nilikuwa namngoja vilevile.

Miaka ikapita namna hiyo. Mjomba akaanza kusema. Mwanzo kwa upole, halafu kwa ukali wa mtu anayelisha vinywa vingi. Mwanamke aliyepotelewa na mume sheria haimwachi akining'inia, alisema. Ukishapita muda wake, kadhi atahukumu kwamba mtu huyo amekufa, utakaa eda, na baada ya hapo yuko mtu mwema anakuulizia. Mama alimtazama mjomba machoni, jambo ambalo dada halifanyi.

"Nikae eda ya mtu aliye hai? Akirudi nimwambie nini, nilikuzika kwa karatasi ya kadhi?"

"Basi muulize mkweo!" mjomba akapiga kelele. "Yeye ndiye aliyekuwa naye! Huyu kizee anajua!"

Bibi alikuwa uani, anasikia. Alishika kizingiti, akaingia chumbani polepole. Mama hakumfuata. Nadhani hakutaka kujua kama anajua. Maadamu bibi amenyamaza, baba alikuwa njiani tu, amepotezana nasi.

Mwaka wa sabini, joto halijaanza bado, Mprusi akaja alasiri bila kutetemeka. Bibi alikuwa anashona kofia, akaweka sindano, akanyanyuka, akakaa kwenye kiti. Alikuwa amekonda sana mwaka ule. Sauti ilikuwa ileile nzito lakini imechoka. Hakutaka kahawa.

"Leo nasema ya mwisho," alisema.

Mama akakaa mkekani. "Sema, kapteni."

Akasema vita vilikuwa vimekwisha, au vilikaribia kwisha, na amri ilikuja ya kuyapitia mashamba na kuwatoa mabwana waliojificha. Akaenda na watu wake kwenye nyumba moja yenye ua nyuma. Kulikuwa na theluji. Nyumba ilikuwa na bikizee mmoja na mwanawe. Asubuhi, kahawa iko motoni.

"Mimi nafika mlangoni," Mprusi akasema. "Watu wangu nyuma. Mimi napiga hodi."

Mama alikuwa anatikisa kichwa kama kawaida. Kichwa kikasimama.

"Ulipiga nini?"

"Hodi. Nikasema, hodi, hodi wenyewe."

"Huko kwenu," mama akasema taratibu sana, "huko kwenye theluji, watu wanapiga hodi?"

Nilisikia mdogo wangu anacheza na vifuniko vya sufuria uani. Nilimtazama bibi na nikaona ule mgongo ulionyooka unaanza kuinama, mabega yanarudi kuwa madogo, magoti yanakutana. Mzungu alikuwa anatoka kwake mbele ya macho yangu, na nilitaka kumshika, nimwambie kaa, usitoke, maliza weye. Aliyebaki kwenye kiti cha mjomba alikuwa bibi yangu mtupu.

"Walipiga hodi, mwanangu," akasema kwa sauti yake. "Walipiga hodi kwa adabu. Hawakuvunja mlango. Miye nilikuwa nnakoroga uji, akili yangu haikuwapo. Nikaitikia. Nikasema, karibuni."

Mama hakusogea.

"Yeye alikuwa ameshasikia gari. Alikuwa ameshafungua mlango wa uani, mguu mmoja uko nje, angeingia mikarafuuni, asingeonekana tena. Aliponisikia nasema karibuni alidhani wamekuja watu tunaowajua. Akarudi kuniona." Bibi akajifunika mdomo kwa kanga. "Akarudi, mwanangu. Akasema, mama, nani? Hapo hapo. Ndani, mbele ya jiko. Hatukupotezana. Nilimwosha mwenyewe, nikamfunika kwa shuka za kitanda chenu, watoto wa jirani wakanisaidia kumzika nyuma ya nyumba. Miye ndiye niliyewakaribisha."

Tangu tufike Maskati, sasa nikakumbuka, bibi hakupata hata mara moja kumwitikia mtu mlangoni. Alikuwa akinisukuma mimi.

Mama alitambaa, sikumbuki alinyanyuka, naona tu alitambaa kwenye mkeka mpaka kwenye miguu ya bibi, akaikumbatia. Nilidhani atapiga kelele. Nilidhani atamlaani, na ningemwelewa.

"Mama," akasema, "mtu akipiga hodi anaambiwa nini? Ungesema nini, mama yangu? Ungesema nini?"

Wakalia pamoja, kilio cha kwanza cha baba yangu, na mimi nikaenda kumchukua mdogo wangu nikamwambia asicheze na vifuniko.

Mjomba alikwenda kwa shekhe siku ile ile, kuuliza eda ianze vipi. Akarudi kabla ya lango kufungwa, akasimama mlangoni, hajui aweke wapi mikono yake. Shekhe amesema hakuna eda. Eda huhesabiwa tangu mume alipofariki, si tangu mke alipopata habari. Iwe kwa kujifungua au kwa miezi minne na siku kumi, eda yake ilikuwa imekwisha tangu mwaka ule ule wa sitini na nne, huku yeye anazunguka kuuliza watu wa Mombasa. Dini haimdai kitu. Yuko huru siku nyingi.

"Huru," mama akasema.

"Ndivyo alivyosema."

"Mwambie shekhe nimesikia, na Mungu amlipe. Lakini mimi mume wangu amekufa leo."

Akavua bangili, akavaa nyeupe, akaingia ndani. Mjomba alisema ni kujitesa, mkewe akasema watu watatucheka, mwanamke kukaa eda isiyokuwapo. Bibi ndiye aliyempelekea chakula kila siku, akala naye sahani moja, na Mprusi hakuja tena, wala bibi hakupata kumtaja mpaka anaiaga dunia.

Mama alikuwa angali humo ndani Sultani alipoondolewa na mwanawe akashika nchi. Mji mzima ulitoka. Watu walipiga bunduki hewani, wakacheza barabarani, wakatembea usiku bila taa kwa sababu tu waliweza, wanaume wazima wakivaa gizani miwani ya jua, iliyokuwa imekatazwa, na kucheka. Jirani zetu walikuja kutuita, wanasema tokeni, tokeni mwone, mambo yamebadilika. Nilikwenda mpaka mlango wa chumba cha mama kumwambia. Alikuwa amekaa chini, amegeukia ukuta, na kila bunduki ilipolia alikuwa anaziba masikio ya bibi kwa mikono yake miwili.